Milioni Tatu na Mito Miwili

Biashara yangu ni kununua vyombo vya hoteli zinazofungwa, kuanzia Bofa mpaka Malindi: vitanda, magodoro, meza zilizolegea miguu. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijakaribishwa kiti nimeshajua vilivyomo vitauzwa kwa ngapi. Bei ya kwanza sijapata kuikubali maishani, isipokuwa ya mahari yangu, na hiyo ni kwa sababu walionijadilia walikuwa wajomba.

Kwa hivyo siku wakili alipotuita kutwambia hukumu imetoka, nilikwenda nimejiandaa. Dada yangu mkubwa, mpishi wa hoteli, aligongwa na pikapu pale Gede akiwa kando ya barabara anangoja gari la kurudi nyumbani. Tangu siku ile, kuanzia kiunoni kushuka chini, mwili si wake tena. Kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe, la sivyo ngozi inafanya vidonda. Jaji alimpa milioni tano na laki mbili, na ndani yake alihesabu mshahara wa mtu wa kumtunza kwa miaka kumi na mitano.

"Lakini bima italipa milioni tatu," wakili akasema. "Sheria imeweka ukomo. Mtu mmoja aliyeumia, milioni tatu."

"Na aliyeumia zaidi?"

"Tatu."

"Waambie nne, tumalizane leo."

Alivua miwani akaifuta. "Mama, hili halina mjadala. Limeandikwa. Zilizobaki utamdai mwenye gari."

Zilizobaki ni milioni mbili na laki mbili. Akaniuliza kama amtume dalali wa mahakama akakamate mali ya mwenye gari. Nikamwambia angoje. Dalali naye hulipwa, na kazi ya kupiga bei nyumba ya mtu naiweza mwenyewe, bure.

Mwenye pikapu alikuwa mama mjane, fundi wa kushona, anakaa ndani kidogo ukishaiacha barabara ya Gede. Nilimkuta kwenye cherehani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni ndugu wa yule aliyeumia. Sura ni moja."

Akanipa kiti. Nikazungusha macho. Friji iliyogeuzwa kuwa kabati la nguo. Televisheni. Viti vya mbao vinne. Kitanda. Cherehani. Nje, mbuzi watatu. Nikapata elfu tisini na sita. Nikarudia, maana wakili alishanieleza kwamba kitanda cha mtu na chombo anachopatia riziki havikamatwi. Nikaviondoa. Ikawa elfu sabini na moja.

"Umehesabu mara mbili," akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye kitambaa. "Nimefika ngapi?"

"Elfu sabini na moja."

"Umelihesabu na lile kabati la vyombo?"

"Lina mchwa."

"Nilitaka kujua kama umeona."

Nikamuuliza pikapu iko wapi. Aliinunua kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, na baada ya ajali ikauzwa kwa kilo, chuma chakavu. Na shamba? Akanicheka kidogo. Babu wa mumewe alizaliwa hapo, kaburi lake liko hapo, lakini hati ina jina la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Nikarudi kwenye hesabu. Elfu sabini na moja, toa gari la dalali, toa ada yake, toa wavulana wa kubeba. Ningemwacha mama wa watu sakafuni, na mimi nisipate hata pesa za dawa za miezi miwili.

"Anaweza kukaa?" akaniuliza.

"Akishikizwa na mito."

"Nina sufi ya mti wangu mwenyewe. Nimshonee mto."

"Miwili," nikasema. Mdomo ulitangulia, kwa mazoea.

Akashona nikimngoja. Mishono nayo niliihesabu, na wala sijui kwa nini.

Nyumbani dada alikuwa ametazamishwa ukutani. Aliniuliza bila kugeuka, maana hawezi.

"Umepata nini?"

"Mito."

Baadaye akaniuliza zile milioni tatu zimebaki ngapi. Nikamwambia: deni la hospitali limelipwa, wakili amechukua chake, imebaki milioni moja na laki nane. Msaidizi elfu kumi na tano kwa mwezi, dawa na nepi elfu kumi.

"Miaka sita," akasema. Katika familia yetu sote tunajua hesabu. "Jaji alinipa kumi na mitano. Na wewe ndiye usiyekubali bei ya kwanza."

Nikamwambia wakili aache mambo ya dalali. Msaidizi nikamshusha mpaka elfu nane, aje asubuhi tu. Kwa hivyo elfu kumi na nane kwa mwezi, miezi mia moja. Miaka minane na miezi minne. Hiyo ndiyo nyongeza niliyoipata, na nimeilipa mwenyewe.

Saa nane nafunga duka, hata kama mteja ameshika meza mkononi. Namgeuza dada kuelekea dirishani, mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Saa kumi namrudisha ukutani. Juzi aliniuliza tumebakiwa na miezi mingapi. Nikasema tisini na tatu.

"Hesabu tena," akasema.

Nikahesabu. Ilikuwa tisini na mbili.