Magnolia ya Kwenye Kopo

Jumamosi, kwenye duka la miche hapa Élisabethville, mbele yangu alisimama mama mmoja wa kambi ya wafanyakazi wa kampuni. Alitaka magnolia, ule mti wa majani mazito na maua meupe unaopamba nyua za Wazungu. Muuzaji, mzee mwenye miwani, hakuondoa mkono wake juu ya mche.

"Barua ya madame yako, ule Muzungu aliyekutuma, iko wapi?"

"Madame njo miye mwenyewe."

Akamtazama kuanzia kilemba mpaka miguu. Mama naye hakumwamini. Alikwaruza gome kwa ukucha aone kama mche uko hai, kisha akauliza, "Iliota mu mbegu?"

"Ndiyo, mu mbegu."

"Basi maua ni nyuma ya myaka kumi. Bwana yangu amebakiza myaka tatu ya kazi, kisha kampuni inakamata tena nyumba yake. Nitaipanda mu kopo kubwa, siku ya kutoka niibebe."

"Hapana, mama. Mizizi ya huu munti haipendi kuhamishwa."

"Ata ya miye haipendi, tata," akamjibu kama anayesema na baba yake. "Nani aliniuliza?"

Mzee akavua miwani, akaipangusa muda mrefu, halafu akamsogezea mche bila kutaja barua tena.

Zamu yangu ilipofika niliomba miche ya kabichi. Tangu niache shule, bustani ya nyumba yetu, nayo ya kampuni, ndiyo kazi yangu, na kwa kabichi sijaombwa barua hata siku moja. Nashuku wauzaji wanajua kwamba tutaila yote kabla hatujaambiwa tuhame.