Paka ya Mama Dorika

Leo nasikia haya mpaka sijui nitaangalia watu namna gani.

Mama Dorika ni jirani yangu, mujane, anaishi peke yake, tuko mu lupango moja, nyumba zetu mu uwanja moja. Hii wiki yote paka yake ilikuwa inalia kwa mulango yangu, imekonda mbavu zinaonekana. Nikawa naipatia vichwa vya samaki, na roho inaniuma.

Asubuhi nikachoka. Nikasimama kwa mulango yake, nikapandisha sauti majirani wote wasikie:

"Mama Dorika! Kama hauwezi kulisha paka, usiifuge! Hauogope Mungu?"

Nikagonga.

Nikasukuma mulango.

Alikuwa amelala chini kwa mukeka, midomo imekauka. Malaria ilimuangusha tangu mwanzo wa wiki.

Akaniangalia, akasema pole pole:

"Mama Gloire, njaa ya paka uliiona. Mimi, haukujiuliza niko wapi?"

Nikakimbia kutafuta motari wa pikipiki, tukamupeleka ku hopitali. Sasa wamemutia serum mu mushipa, anaongea muzuri.

Nimemuomba pardon, akanishika tu mukono.

Lakini lupango yote ilinisikia nikimutukana. Nilipoomba pardon, tulikuwa siye wawili tu.

Ndiyo maana naandika hapa, wote musome. Munigombeze tu.