Chai ya Paka

Daktari wa mifugo ameniambia leo kwamba paka wangu ana ugonjwa wa sukari. Nimerudi nyumbani Kinoo na sindano zake, nikateleka chai, ikafurika. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikanirudisha Mutuini, jikoni kwa shosho, nyanya yangu.

Shosho alikuwa na paka wa madoadoa aliyemlea tangu akiwa mchanga. Wakati fulani paka huyo alianza kunywa maji kama ng'ombe. Alimaliza ya kuku, akahamia kwenye ndoo ya vyombo, na bado alikonda mpaka uti wa mgongo ukahesabika kwa vidole. Kila alipokojoa kwenye simiti, sisimizi walijaa hapo. Shosho aliwafagia akinung'unika kwamba wamekosa kazi.

"Huyu amekosa nguvu tu," aliniambia. "Mtu akikosa nguvu anapewa chai."

Sukari haikuwa nyingi nyumba ile. Shosho akaanza kunywa chai ya rangi, chungu, ili maziwa na sukari yake viende kwa paka. Alikoroga, akapuliza ipoe, akamimina kwenye kisahani, kisha akampangusa masharubu kwa ncha ya leso. Paka alipozidi kudhoofika, naye alizidisha sukari.

Paka alikufa asubuhi moja kando ya meko, masharubu bado yananata. Shosho alimfunika kwa ile leso, akakaa naye mpaka moto ukazimika.

"Angalau sikumnyima," akasema.