Mirija Isiyo na Kioo

Kabla sijaolewa, hakuna aliyeniambia kwamba nitaishi ua mmoja na baba mkwe nisiyeruhusiwa kumtazama. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Igowole. Kwetu mkwe tunamheshimu sana, lakini hatumkimbii. Mume wangu ni Mnyakyusa, na miaka ile ya sabini baba yake alikuwa bado ameishika mila kwa mikono miwili: mke wa mwanawe haonani naye uso kwa uso, hasemi naye, na wakikutana njiani mmoja anapisha porini. Neno lolote lazima lipitie kwa mama mkwe. Kwa mambo ya chumvi na kuni njia hiyo ilitosha. Kwa mambo ya kamera ilikuwa adhabu.

Nilikuwa mpiga picha wa kituo cha utafiti wa kilimo pale Uyole, Mbeya. Nilipiga ng'ombe, mashamba ya mahindi, na wageni wakipokea maua. Halafu mtafiti wa maharage akaja na inzi wake: mweusi, mdogo kama punje ya ulezi, hutaga mayai kwenye jani changa, na funza wake huingia kwenye shina akalila mpaka mche unakauka. Mtafiti alitaka kijitabu cha wakulima kiwe tayari kabla ya msimu wa kupanda, na ndani yake picha ya inzi inayoonyesha mpaka mbawa. Lenzi yangu haikuweza kuona sawasawa kitu kilicho karibu kuliko urefu wa mkono. Nilimpiga inzi yule nusu ya filamu.

"Hii ni nini?" mtafiti akauliza, kashika picha.

"Ni inzi wako, bwana."

"Kwa hiyo mkulima nimwambie aogope nukta?"

Dawa yake niliijua. Ni mirija ya chuma, mifupi, mitupu ndani, inayofungwa kati ya kamera na lenzi. Lenzi ikisogezwa mbele hivyo, inaweza kukikaribia kidudu na kukitoa kikubwa kwenye filamu. Mbeya nzima haikuwapo. Nilisikia kuna duka Iringa linalouza saa, redio na vifaa vya kamera. Mume wangu, dereva wa lori la Zambia, alikuwa safarini kama kawaida yake. Mtoto wangu alikuwa na miezi minne. Na ruhusa kazini ilikuwa ndoto. Ndipo baba mkwe, aliyekuwa anakwenda Iringa kumwona binti yake aliyeolewa huko, akajitolea kuninunulia. Alikuwa dresa mstaafu wa hospitali, mfunga vidonda, na kwa maoni yake hakuna kitu cha chuma au kioo kilichoweza kumshinda.

Mama mkwe akaja akasimama mlangoni kwangu jikoni. "Baba yako anauliza, hilo bomba liweje?"

"Mwambie kamera yangu ni ya kuzungusha, mama. Lenzi inaingia kwa kuzungusha, kama kifuniko cha chupa. Sasa na mirija iwe ya hivyo hivyo. Inakuja mitatu pamoja, mfupi, wa kati na mrefu."

Akaitikia, akavuka ua, nami nikamsikia akimwambia mumewe, "Anataka vifuniko vya chupa vitatu."

Nilitamani kupiga kelele. Mzee alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, nyuma ya migomba, na bila shaka kila neno langu alilisikia kwa masikio yake mwenyewe. Lakini alilolipokea ni lile lililopita kwa mkewe.

Alirudi baada ya wiki na kitu kilichofungwa kwenye leso safi. Kilikuwa kioo cha duara cha kuvisha mbele ya lenzi, kama miwani. Mama mkwe akanieleza kwa fahari: "Mwenye duka alitaka kumuuzia bomba tupu, halina hata kioo ndani. Baba yako si mjinga. Amekataa, amekuchukulia chenye kioo."

Nikaivisha kamera kioo kile, nikampiga inzi tena. Safari hii akatoka nukta iliyonona.

Mara ya pili, mzee alipojiandaa kurudi Iringa, nilichora. Nilichora kamera, lenzi, mrija, nikaandika kwa herufi kubwa BILA KIOO na YA KUZUNGUSHA. Karatasi ile mama mkwe alinirudishia jioni ileile. "Anasema haihitaji. Ameshapima." Kweli, siku moja kabla nilikuwa nimeikuta lenzi yangu mezani imeviringishwa uzi wa kushonea. Mzee alikuwa amepima mdomo wa mbele, unaotazama dunia, wakati mrija unafungwa nyuma. Na hata angepima nyuma, uzi ungemwambia nini juu ya kuzungusha?

Akaleta mirija mitatu, mizuri, haina kioo. Nikaichukua, nikaiweka kwenye kamera: haishiki. Ilikuwa ya meno, ile ya kuingiza na kubana mpaka ilie. Kamera yangu haikuwa na pa kuingiza jino hata moja. Nikakaa kwenye kigoda nikiwa na mrija mkononi na mtoto akinivuta kanga.

"Anasema usukume kwa nguvu," mama mkwe akasema.

Nilikuwa na jibu, likafika hadi kwenye meno. "Mwambie ndaga," nikasema. Kwa Kinyakyusa ni asante. Hakuna neno lililowahi kuniuma kulitamka kama lile.

Mtafiti aliponiuliza kwa mara ya nane, nikamwambia anipe siku tatu au akampige picha inzi wake mwenyewe. Akanipa. Alfajiri nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda stendi. Nani nimkute, kavaa kofia na koti lake la kanisani, kama si baba mkwe? Mama mkwe, aliyenisindikiza, akanyoosha mikono: "Amesema aliyenunua ndiye mwenye kurudisha." Kutwa nzima mzee alikaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma kabisa, vumbi na kuku kati yetu.

Dukani Iringa mwenye duka alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Baba mkwe alisimama upande wa kushoto akitazama kalenda ukutani. Mimi nilisimama kulia, kanga usoni, nikiitazama meza. Mwenye duka akapokea mirija ya meno, akatoa makasha mawili ya mirija ya kuzungusha.

"Huu mmoja ni mrefu, unauzwa peke yake," akasema. "Hii mingine ni mitatu, mifupi mifupi, unaiunganisha upendavyo."

"Mwambie achukue mrefu," baba mkwe akaiambia kalenda. "Mrefu ndio wenye nguvu."

Mwenye duka akanigeukia. "Anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mrefu peke yake utanifungia kipimo kimoja tu. Leo napiga inzi, kesho napiga jani zima. Nataka mitatu."

"Anasema anataka mitatu."

"Mwambie mitatu ina viungo vingi. Viungo vitalegea."

"Jamani, nyinyi mmegombana?" mwenye duka akauliza.

"Mfungie mrefu," baba mkwe akasema, na mwenye duka, kwa kumheshimu mwanamume mwenye umri, akaanza kuukunjia karatasi.

"Baba, si huo!"

Nilisema hivyo kwa sauti, nimemgeukia, namtazama usoni. Ulikuwa uso wa kawaida wa mzee aliyechoka, mwenye kovu dogo kidevuni ambalo sikuwahi kujua analo. Alivua kofia, akaivaa tena, akatoka nje.

Nikanunua mirija mitatu. Njia nzima ya kurudi sikuifurahia, kwa aibu, na kwa hasira ya kubebeshwa aibu isiyo yangu.

Wiki tano hapakuwa na ujumbe. Mama mkwe alinisalimia kwa mdomo wa pembeni. Picha zilitoka: nilitumia mrija wa kati na mfupi pamoja, juani kabisa maana mirija hula mwanga, na baada ya kumkosa inzi mara nyingi kwa sababu ya upepo nikampata kasimama kwenye jani, mbawa wazi. Kijitabu kikachapwa. Nakala moja nikaiacha kwenye kizingiti cha wakwe zangu, nikaondoka.

Asubuhi moja mama mkwe akaja mbio. "Baba yako amempata huyo inzi kwenye maharage yake. Anataka umpige. Lakini upitie upande wa mtoni."

Nikapita upande wa mtoni. Mzee alikuwa ameshajificha kwenye mahindi. Nilipiga goti kwenye tope, nikafunga mirija, nikashusha pumzi ili mkono utulie, na jani lilipotulia tu, sauti ikatoka mahindini:

"Mwambie asogee kushoto! Kivuli chake kimemfunika!"

Inzi akaruka.