Siku Niliyomtafsiria Mama Mkwe

Mimi ni mtoto wa Kagongwa. Baba yangu alikuwa akitembeza vitenge kwenye minada, na pale kwetu palipita watu wa kila kabila, kwa hiyo Kiswahili nilikinywa pamoja na maziwa ya mama. Nilipoolewa upande wa Geita, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilikuta mambo tofauti. Kule shambani, nyumbani, hata kanisani baada ya misa, ilikuwa Kisukuma kitupu. Kiswahili kilikuwa lugha ya ofisi. Wanaume wengi walikijua cha kuuzia pamba, wanawake wengi hawakukijua kabisa.

Basi siku za kliniki nilikuwa nakwenda zahanati kumsaidia mkunga wetu, dada mmoja mcheshi kutoka Tanga ambaye Kisukuma kilimshinda. Mama mjamzito akisema tumbo linamchoma kama pilipili, nilisema linamchoma kama pilipili. Akimtukana mumewe, nilitafsiri na tusi. Mkunga alicheka hadi akashika meza. Wanawake wakanipenda kwa hilo, kwamba nilichopewa ndicho nilichofikisha.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, wakaja wapimaji na Landrover. Walipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kutoka kilima kimoja hadi kingine, vikikatiza bonde letu la mpunga na ngitili ya kijiji, yaani ile sehemu ya majani tunayoifunga ili ng'ombe wale nyasi kavu kiangazi. Tukaambiwa mto utazibwa, litatokea bwawa, na maji ya bwawa yatazungusha mtambo wa umeme. Umeme utakwenda kwenye jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, na kwenye zahanati. Kisha likaja tangazo lililotushangaza zaidi: kabla serikali haijatoa kibali, wahandisi watakuja kusikiliza maoni ya wananchi.

"Maoni yetu?" mama mkwe aliniuliza, kana kwamba nimekosea kutafsiri.

Alikuwa na sababu. Miaka michache nyuma, kabla sijaolewa, kijiji kizima kilikuwa kimehamishwa kutoka kwenye maboma ya zamani na kupangwa kando ya barabara, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeulizwa. Mama mkwe alikuwa mjane tayari. Aliacha mlango wa miti aliouchonga marehemu mumewe, kwa sababu lori halikuwa na nafasi, na jambo hilo hakulisamehe.

Kiangazi mto wetu hukauka juu, maji yakabaki chini ya mchanga. Wanawake tulichimba visima humo humo mtoni, tukikaa kwenye duara tukingoja maji yajikusanye tuyachote kwa kibuyu. Huko ndiko mazungumzo yalikofanyika. Tulikuwa tukiutaka umeme. Tusidanganyane, kila mmoja wetu alimjua mtu aliyejifungua kwa kibatari. Lakini sisi tulikuwa chini ya pale vigingi vilipopita. Mto ukizibwa, mchanga wetu utapata wapi maji? Na mpunga je? Na kama si hapa, hakuna mahali pengine?

"Nitauliza mimi," mama mkwe akasema.

Mume wangu aliposikia alikuna kichwa. "Mama, kwenye mkutano wa wakubwa? Watu watacheka."

"Wacheke," alimjibu. "Wakimaliza kucheka watakuwa na kiu."

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la pamba la ushirika, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Wageni walikaa mezani: mhandisi mkuu, mtu mrefu mwenye miwani aliyezaliwa pwani, wenzake wawili, na mwenyekiti wa kijiji. Mkalimani alikuwa karani mmoja wa jineri. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, sisi wanawake chini, nyuma kabisa, juu ya magunia. Mwanangu wa kwanza nilikuwa nimembeba mgongoni.

Wanaume watatu walisema kwa Kiswahili. Walisifu maendeleo, wakapigiwa makofi. Ndipo mama mkwe akasimama. Ghala zima liligeuka. Alijifunga kanga vizuri, akawasalimu wageni, akaanza. Alisema kwa Kisukuma, polepole, bila kuinua sauti. Alieleza visima vya mchangani. Alieleza kuhamishwa. Akataja ngitili, akataja majaruba ya mpunga, akasema umeme tunauomba kwa mikono miwili, kisha akamtazama yule mhandisi na kumuuliza kama katika mto wote huu hakuna mahali pengine pa kuuzibia ila juu ya shingo zetu.

Hakuna aliyecheka.

Karani akaigeukia meza. "Mama anasema wanashukuru sana kwa mradi huu."

Mhandisi akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Mwenyekiti akasema, "Ahsante mama, mwingine."

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka mtoto alishtuka mgongoni, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Hakusema hivyo."

Mwenyekiti alininyooshea kidole. "Wewe mama, kaa chini. Hukupewa nafasi."

"Shikamoo baba," nikamwambia. "Nitakaa. Lakini mkwe wangu hakusema hivyo."

Karani alikasirika. Alisema amefupisha tu, maana wakubwa hawana muda, na jineri haiwezi kuendelea kutegemea injini inayokufa kila msimu. Na kweli, kwa upande wake, mtu huyo aliiogopa ile injini kuliko sisi tulivyoogopa kiu. Lakini mhandisi alikuwa amevua miwani.

"Alisema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia yote, tangu salamu. Nilipofika kwenye lile swali la mwisho nililitoa kama nilivyolipokea: katika mto wote huu, hakuna mahali pengine ila juu ya shingo zetu?

Mhandisi akatazamana na wenzake. "Mahali papo," akasema. "Kule juu, kwenye majabali. Tulipapima. Kazi yake ni ngumu zaidi na itachukua muda mrefu, ndiyo maana tulichagua hapa. Hatukujua kama kuna anayepataka."

Niliyageuza maneno hayo kwa Kisukuma, na kabla sijamaliza wanawake wote walikuwa wamesimama. Vigelegele viligonga mabati hadi popo wakatoka darini. Mwenyekiti alipiga meza, hakuna aliyemsikia. Mama mkwe peke yake alibaki ametulia. "Mwambie hatujamaliza," akanielekeza.

Hatukuwa tumemaliza kweli. Walisimama mmoja baada ya mwingine, wakaniambia nami nikasema. Je, ukuta utakuwa na bomba la kuachia maji kiangazi? Mashamba ya mtama ya wale majirani wa majabalini yatafidiwa na ardhi ipi? Watoto watazuiwaje wasizame? Wanaume nao wakaanza kuuliza, sasa kwa Kisukuma, na baadhi yao walinigeukia mimi badala ya karani. Koo liliponikauka mtu alinipitishia kata ya togwa, nikanywa nimesimama, mwanangu akichukuliwa mgongoni na mikono ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nani.

Kesho yake wahandisi walishuka nasi mtoni, wakatembea hadi majabalini, mama mkwe mbele na fimbo yake. Yule mrefu alichota maji kisimani kwetu, akanywa. Hakuahidi kitu. Alisema tu atayapeleka yote kama yalivyosemwa.

Tukangoja. Ikanyesha, ikakatika, tukavuna, tukaanza kuambiana kwamba ndiyo basi tena. Halafu asubuhi moja, tukiwa shambani, mume wangu alikuja mbio, mtu mzima na ndevu zake, akipunga kitu chekundu. Kilikuwa kigingi. "Wanaving'oa!" alipiga kelele. "Vyote! Wanapandisha mitambo majabalini!"

Tuliacha majembe pale pale. Siku ile hakuna aliyerudi kulima.

Ujenzi ulichukua miaka, vita vya Uganda vikaupunguzia kasi, saruji ikaadimika, sisi wenyewe tukabeba mawe kwa zamu. Na si kila mtu alifurahi: familia chache za kule juu zilipewa mashamba mapya, na moja ililalamika hadi mwisho kwamba udongo wake si ule wa zamani. Sikuwahi kuwaona kuwa wamekosea kulalamika. Lakini kiangazi cha kwanza baada ya ukuta kukamilika, walipofungua lile bomba, maji yalikuja juu ya mchanga mchana kweupe, mwezi wa tisa, membamba na baridi, nasi tuliingia na nguo zetu. Wazee wa kike walirushiana maji kama wasichana. Mkunga alipata taa yake, akazaliwa chini yake mtoto wangu wa nne, na mkunga alimwita Bi Umeme ingawa alikuwa mvulana.

Mwenyekiti alikuja nyumbani baadaye, akapokea kigoda, akala matobolwa ya moto, vile viazi vitamu vya kukausha. Akasema halmashauri ya kijiji imekubaliana kwamba kila mkutano utakuwa na wakalimani wawili, na mmoja awe mwanamke. Alinitazama. Mama mkwe akanijibia: "Amekubali."

Kazi hiyo niliifanya miaka mingi. Na sifa zilisafiri. Kijiji kimoja cha upande wa Bukombe kilipopata habari kwamba barabara itapita katikati ya makaburi yao, walituma mtu kutufuata mimi na mama mkwe. Tulipanda lori la pamba, juu ya marobota. Mama mkwe hakuwahi kupanda gari tangu siku ile ya kuhamishwa. Alishika kamba kwa mikono yote miwili, upepo ukimvua kilemba, na kila lori liliporuka kwenye shimo alicheka kwa sauti, akinisihi nimwambie dereva aongeze mwendo.