Rangi Iliyokataa Kurudi

Vita vilitupora vifaa vyote vya kemia hapa Kindu. Mwaka huu inspekta akaja kuamua kama sehemu ya kemia ya shule yetu ifungwe, na mimi, mwalimu pekee wa sehemu hiyo, nikataka kung'ara.

Nilitia amonia kidogo ndani ya kichupa cha maji, nikadondosha dawa inayogeuka waridi penye amonia. Maji yakawa ya waridi. "Joto litasukuma msawazo upande wa gesi, amonia itatoka majini, rangi itafifia," nikawaambia wanafunzi. "Tukikipoza, msawazo utarudi, na rangi pia."

Nikapasha kichupa juu ya mbabula ya makaa. Rangi ikafifia, wakapiga makofi. Nikakitumbukiza ndani ya maji baridi, tukangoja.

Rangi haikurudi. Nikalaumu maji kuwa ya vuguvugu, nikaagiza mengine. Bado. Jasho likanitiririka, nami nikazidi kuhubiri. Mara nikamwona inspekta anafuta machozi, nikadhani juhudi zangu zimemgusa.

"Mukubwa," nikasema kwa unyenyekevu, "sisi tunapenda sana hii kazi."

"Mwalimu," akajibu huku ameziba pua, "haukufunga ile chupa. Amonia yenye unangojea irudi, njo hii iko mu macho yangu."