Kidonge cha Redio Tumboni Mwangu

Mama mkwe wangu alikuwa na neno moja kwa kila nililougua: deko. Kichwa, deko. Homa, deko. Na yale maumivu yaliyokuwa yakiniunguza chini ya chembe cha moyo tangu nilipoolewa, mpaka nikajikunja kwenye sakafu ya jikoni, hayo nayo yalikuwa deko la mtoto wa Ng'ambo, mitaa ya vibanda vya udongo, aliyeingia nyumba ya mawe akaona kazi zimemshinda. Simpendi. Amekwishakufa na bado simpendi, na wanaonihimiza nimsamehe hawakukaa naye chini ya dari moja.

Mume wangu, karani wa bandarini, hakuwa mtu wa matusi. Bora angenitukana. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama mama yake, kisha akaniambia kwa upole, "Hebu jitahidi kidogo." Nilimwonyesha kwa kidole mahali panapouma. Nilimwamsha nikitokwa na jasho. Aligeukia ukutani, na asubuhi aliuliza chai iko wapi.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mchele ulikuwa wa foleni, na foleni ilikuwa yangu. Asubuhi moja nilianguka mbele ya duka la serikali, nikatapika mtaa mzima unanitazama. Mama mkwe asingeweza kupita nyumba hadi nyumba akiwaambia majirani kwamba nadeka. Ndiyo maana nikapelekwa hospitali. Haikuwa huruma, ilikuwa aibu.

Daktari alikuwa Mjerumani, mmoja wa wale waliokuja visiwani baada ya Mapinduzi. Alinibonyeza tumbo, akauliza maumivu yameanza lini, na muuguzi mmoja wa kwetu, aliyesomea huko kwao, akawa anatufasiria. Swali lenyewe daktari alimwelekezea mume wangu. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, mzima wa akili, na ulimi ninao.

"Mwenyewe anasema ni ya siku nyingi," mume wangu akajibu.

Anasema! Niliwachukia wote waliokuwamo chumbani.

Muuguzi akaeleza kuwa kipo kidonge chenye mtambo mdogo wa redio ndani yake. Ningekimeza, na kikifika tumboni kingetuma mawimbi bila ya waya wowote. Mshipi ambao ningefungwa kiunoni ungeyapokea, na mashine ingeonyesha tindikali ya tumbo langu ni kali kiasi gani. Uso wa mume wangu ukachangamka.

"Sasa tutajua ukweli," akasema.

Neno hilo sijalisahau. Kwani miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikimsimulia hadithi?

Siku ya kupimwa walikuja wote wawili, mama na mwana, wakakaa kwenye viti kama waliokuja kusikiliza kesi. Nilikuwa sijala tangu usiku. Kidonge kilikuwa kinene kuliko kokwa ya tende, kimefungwa uzi mwembamba ili kisiteremke kwenye utumbo kabla ya kazi kwisha. Nilikimeza kwa taabu, kikanikwama, machozi yakanitoka, na ncha ya uzi ikabandikwa shavuni kwangu kwa plasta. Mama mkwe alitazama yote hayo kwa raha zake. Kisha kuna jambo likamwingia kichwani, akamsogelea muuguzi.

"Mwanangu," akamwambia kwa sauti ya chini, "kidude hicho kinasikia na maneno ya watu?"

"Hakisikii, Bi mkubwa. Kinapima tindikali tu."

Hakuamini. Zama zile serikali ilikuwa na masikio kila pahala, na mtu alichagua maneno hata chumbani kwake. Mwanamke yule, aliyezoea kunisema tangu alfajiri mpaka isha, alikaa kimya asubuhi nzima, mdomo kaubana, akilikodolea macho tumbo langu. Nilifurahi sana. Ningekuwa na uwezo ningekaa na kidonge kile mwaka mzima.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku lenye mshale, unaoshuka tindikali ikiwa kali. Nilinyweshwa maji ya magadi, na mshale ukapanda, maana magadi huivunja nguvu tindikali. Kwa mtu mwenye tumbo zuri, muuguzi alisema, mshale hurudi polepole. Wangu ulirudi mbio. Daktari akaninywesha tena, ukarudi kwa mbio zaidi, na mimi nimekamata ukingo wa kitanda kwa maumivu. Mara ikaadhiniwa adhuhuri. Mama mkwe akasahau hofu yake.

"Na sala inampita hivi hivi," akasema, "kwa deko."

Hilo muuguzi hakulifasiri. Daktari aliuonyesha mshale, akasema maneno mengi, naye akayafupisha: tindikali imezidi sana, inaelekea ni kidonda cha tumbo, tena cha zamani. Nipigwe picha, nitibiwe. Mtu mwenye hali hii, alisema, huumwa vibaya.

"Mashine za watu hizo, hukosea," mama mkwe akasema, akainuka kwenda kuswali.

Mume wangu alibaki. Aliutazama mshale, akanitazama mimi, na machozi yakamlengalenga. Akaja akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

"Mke wangu," akasema, "kumbe unaumwa kweli."

Nadhani alitaraji nilie, tuliwazane, yaishe. Muuguzi alikuwa amekwishauvuta uzi na kidonge chake, koo linaniwaka, na hasira zilikuwa zimenipanda.

"Hicho kimekwambia asubuhi moja tu, ukakiamini," nikamwambia. "Mie nnakwambia tangu harusi. Nipe talaka yangu."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha. Aliponiona sicheki, aliuachia mkono wangu, akamgeukia muuguzi.

"Dada, hebu niambie," akamwuliza, na wasiwasi wake ulikuwa wa kweli kabisa, "maradhi haya humfanya mtu apayuke?"

"Mwenyewe si huyo hapo?" muuguzi akamjibu. "Muulize."

Hakuniuliza. Niliufungua ule mshipi mwenyewe, nikavaa buibui langu, nikashika njia ya Ng'ambo kwa mama yangu.